Barua ya wazi kwa viongozi wa Manispaa ya Moshi: tunaomba historia za wakazi waliofariki zitunzwe

Kwa Mheshimiwa Meya wa Manispaa ya Moshi,
Waheshimiwa Madiwani wa kata zote,
Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa.

YAH: OMBI LA KUANZISHA HIFADHI YA HISTORIA ZA WAKAZI WALIOFARIKI

Waheshimiwa,

Pamoja na salamu, naomba kuleta mbele yenu ombi moja, nalo ni kwamba Manispaa yetu ianze kupokea na kutunza nakala ya historia ya marehemu, ile inayosomwa msibani kabla ya mwili kuagwa, kwa kila mkazi wa mji huu ambaye familia yake itaridhia. Na kwa wale ambao desturi ya dini yao au uwezo wa familia hauwapi karatasi iliyoandikwa, awepo mtu wa kwenda kuisikiliza historia hiyo na kuiandika. Siombi mnara, wala bustani, wala siku ya mapumziko. Naomba rafu, mafaili, mtu wa kuyasimamia, na azimio la Baraza litakaloipa kazi hiyo uhalali.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa kuwa mwalimu mtaani hastaafu kwelikweli, majirani wa dhehebu langu na wa madhehebu mengine wamezoea kuniita usiku wa kuamkia mazishi ili niwasaidie kuiweka sawa historia ya mzee au mama yao. Kazi hiyo hufanyika mezani chini ya turubai, huku kina mama wakiendelea na masufuria na kamati ikihesabu michango. Mtoto mkubwa anasema baba alizaliwa mwaka 1941. Shangazi anakataa, anasema alilingana na binamu yake ambaye kila mtu anajua ni wa 1938. Kinatafutwa cheti cha ubatizo, hakionekani. Kinaletwa kitambulisho cha kazi ambacho picha yake imefifia, na hapo ndipo watoto wanapogundua kwamba baba yao aliwahi kuajiriwa mahali ambapo hakuwahi kuwatajia. Anakuja mzee wa jirani, anavuta kiti, anaanza kusimulia walivyopanga chumba kimoja wakiwa vijana, na meza nzima inaacha kuandika ikamsikiliza. Kisha anayesimamia ratiba anakumbusha kwamba safari ya kupanda Kibosho au Rombo ni ndefu na kwamba mchungaji ametoa dakika chache tu, na karibu yote aliyoyasema mzee yule yanaachwa. Kinachobaki ni ukurasa mmoja: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule, kazi, ndoa, watoto, wajukuu, ugonjwa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Ukurasa huo husomwa mara moja tu. Baada ya hapo nakala za ratiba ya mazishi hubaki kwenye viti vya kukodi, nyingine huondoka kwenye mikoba ya waombolezaji, na ile aliyosomea msemaji wa familia hukunjwa ikaingia mfukoni mwa koti ambalo halitavaliwa tena hadi msiba mwingine. Ni kweli siku hizi wapo wapiga video, na mazishi mengine hurushwa moja kwa moja mtandaoni, lakini simu hupotea na kadi za kumbukumbu huharibika, na kundi la WhatsApp la msiba huvunjwa mara kamati inapomaliza kusoma mapato na matumizi. Nasema bila dhihaka, maana mimi mwenyewe nimeketi katika kamati hizo, kwamba idadi ya kreti za soda huhakikiwa kwa makini kuliko mwaka aliozaliwa marehemu.

Najua mtu anaweza kuniambia kwamba serikali tayari inaandikisha vifo. Inaandikisha, na ni vema inafanya hivyo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) hutoa cheti ambacho bila hicho familia haiwezi kufungua mirathi wala kudai mafao. Lakini cheti cha kifo kinaeleza jina, umri, mahali na sababu ya kifo, basi. Karatasi inayofuata ni muhtasari wa kikao cha familia unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi ya usimamizi wa mirathi, na humo huorodheshwa nyumba, viwanja, akaunti ya benki, ng'ombe, na majina ya warithi. Kwa hiyo, Waheshimiwa, mkazi wa Pasua au Majengo aliyeishi hapa miaka hamsini anaacha katika ofisi za umma kumbukumbu ya namna mbili, moja ya kilichomuua na nyingine ya mali aliyoacha. Ya alivyoishi haipo katika ofisi yoyote.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mji wa Moshi kwa sababu ya desturi yetu ya kuzika. Katika miji mingine mtu anayetaka kujua nani waliishi pale anaweza kuanzia makaburini, akasoma majina na miaka. Hapa kwetu hawezi. Mchaga aliyefanya kazi mjini tangu ujana wake, akajenga Soweto au Rau, akasomesha watoto katika shule za mjini na kuzeekea mjini, siku ya mwisho hupandishwa juu, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, akalazwa karibu na migomba na mibuni ya ukoo. Mpare hurudishwa Usangi, Ugweno au Same. Msambaa husafirishwa Lushoto. Sina ugomvi na desturi hiyo, nami nimeshawaagiza watoto wangu waifuate. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mji unabaki bila alama ya watu walioujenga, na huko juu walikozikwa wanakumbukwa kama watoto wa ukoo fulani waliokuwa wakija Krismasi na mifuko ya zawadi, si kama watu waliofanya kazi fulani, mahali fulani, kwa miaka fulani.

Na kazi zenyewe ndizo historia ya mji huu. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakati wa Wajerumani, na kwa vizazi kadhaa baada ya hapo kulikuwa na familia zilizoishi kwa reli: mafundi wa injini, wapanga mabehewa, makarani wa mizigo, walinzi wa vivuko. Waliokuwa watumishi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki waliona Jumuiya ikivunjika mwaka 1977 na wakaingia katika shirika la reli la Tanzania wakiwa vituo vilevile, wengi wao wakitumia miaka yao ya uzeeni kufuatilia mafao ya iliyokuwa Jumuiya. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kimya, tulikwenda stesheni kuishangilia, na wastaafu wachache waliokuwa bado na nguvu walikuwepo, wakieleza vijana ni wapi mhudumu alisimama na bendera, na ni mlio upi uliwaambia watu wa Njoro kwamba treni imefika. Kadhaa kati ya niliowasikia siku ile wameshafariki. Historia zao zilizosomwa msibani zinasema "aliajiriwa na Shirika la Reli hadi alipostaafu".

Vivyo hivyo kwa kahawa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na vitabu vinaeleza viongozi wake, bei za mnada na migogoro yake. Havielezi karani wa chama cha msingi aliyepima kahawa mbichi ya majirani zake kwa haki hata pale mizani ilipoweza kumnufaisha, wala kina mama waliokaa kutwa nzima wakichambua buni kwa mikono kiwandani. Kiwanda cha magunia kilikuwa na zamu za usiku, na watu wa umri wangu wanakumbuka wafanyakazi wakitoka alfajiri wakiwa na vumbi kwenye nyusi. Mji wetu umepata sifa mara kadhaa kitaifa kwa usafi, nasi tunajisifu nayo kwa kila mgeni; lakini usafi huo ulitokana na mifagio ya wanawake wanaoanza kazi kabla ya adhana, na wanapofariki historia yao huwa na mistari minne.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mlimani Kilimanjaro. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo Oktoba 1889, na Meyer aliandika kitabu, kwa hiyo tunajua alikula nini, alilala wapi na alisikia baridi kiasi gani. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye kwa masimulizi ya watu wetu ndiye aliyewaongoza, alifariki mwaka 1996, na hadi leo umri wake unabishaniwa, na hata sehemu yake katika safari ile inabishaniwa, kwa sababu jina lake lilianza kuandikwa kwa uzito pale sherehe za miaka mia moja zilipokaribia, alipokuwa mzee sana. Kama karani mmoja angekaa naye jioni moja miaka ya thelathini au ya arobaini, ubishi huu usingekuwepo. Sasa hesabuni wagumu wangapi, wale wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni hadi kambi za Kibo na Barafu, wanaishi katika kata zenu hivi leo. Wakifariki, wataondoka na majina ya njia, ya mapango, ya wenzao walioshikwa na ugonjwa wa mwinuko, na ya namna kazi ile ilivyokuwa ikifanyika kabla ya mizigo kupimwa kwa mizani getini.

Nisiwe mwenye kudai kwamba hatujui kukumbuka. Wakubwa wetu hawakosi kukumbukwa. Dkt. Reginald Mengi, mfanyabiashara maarufu, alipofariki Mei 2019 na kuzikwa Machame, nchi nzima ilifuatilia. Mzee Cleopa Msuya, Waziri Mkuu wa zamani, alipofariki Mei 2025 na kuzikwa Usangi, Taifa lilitangaza maombolezo na historia yake ilichapishwa na kila chombo cha habari. Hayo yalistahili. Hata hivyo kwa wakubwa pia kumbukumbu huchakaa mapema kuliko tunavyodhani. Lucy Lameck, binti wa Njoro aliyesomea uuguzi na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa nchi hii kuingia katika serikali ya Uhuru, alifariki mwaka 1993, na wanafunzi ninaokutana nao wanaoishi hatua chache kutoka alikokulia, wengi hawajapata kulisikia jina lake. Ikiwa ndivyo ilivyo kwake, fundi cherehani wa Kiusa atapata wapi nafasi?

Tena yapo mauti ambayo yalitugusa sote kwa pamoja, na bado yametuachia tarakimu kuliko watu. Februari mosi 2020, watu 20 walifariki kwa kukanyagana katika mkusanyiko wa ibada kwenye uwanja wa Majengo. Muulize mkazi yeyote leo, atakutajia idadi ile bila kusita. Muulize majina, au muulize mmoja wao alikuwa akifanya kazi gani, alitoka mtaa gani, aliacha watoto wa umri gani. Hapo atanyamaza, isipokuwa kama marehemu alikuwa ndugu yake.

Naomba sasa nieleze ni kitu gani hasa ningependa kitunzwe, maana ninahofia kwamba tukikusanya tu kurasa kama zinavyosomwa msibani, tutajaza mafaili kwa sifa. Nimesaidia kuandika historia za kutosha kujua kwamba kila aliyefariki katika mji huu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu na mshauri wa familia. Wafu hawasemwi vibaya, nami sitaki wasemwe vibaya. Ila chukueni mfano wa mama aliyeuza ndizi Mbuyuni karibu maisha yake yote. Ukurasa wa msibani utasema "alikuwa mjasiriamali mchapakazi aliyewasomesha watoto wake". Ni kweli. Lakini jirani zake wa sokoni, wakiketi na mtu mwenye kalamu na subira, watasimulia kwamba mshare na ndizi ng'ombe alizipata kwa wakulima wa Uru, kwamba aliteremka na mzigo kichwani kabla daladala hazijaanza kupanda huko, kwamba alijua kwa kugonga tu mkungu upi utaiva kesho na upi keshokutwa. Kwamba mchezo wa kuzungushiana fedha aliousimamia haukuwahi kupoteza shilingi ya mtu, na ndio uliowanunulia wenzake watatu viwanja. Kwamba meza za soko zilipohamishwa alikataa kuhama hadi alipohakikishiwa kivuli. Hayo ni historia ya soko, ya bei, ya usafiri, ya wanawake na fedha katika mji huu, na hakuna afisa mipango anayeweza kuyapata kwenye takwimu. Mama huyo akizikwa Jumamosi, kufikia Jumatatu meza yake ina mtu mwingine.

Kwa hiyo ninapendekeza ukurasa wa msibani upokelewe kama ulivyo, kisha uongezewe. Familia ikimaliza matanga, na ikiwa imekubali, mtu mmoja aliyeteuliwa na ofisi ya mtaa akae na wawili au watatu waliomfahamu marehemu, mmoja wa ukoo, mmoja wa kazini au sokoni, mmoja wa jirani, aandike kwa lugha yao waliyoyasema. Waulizwe mambo ya kawaida: alifika Moshi mwaka gani na kwa usafiri gani, alipanga wapi kwanza, mshahara wake wa mwanzo ulinunua nini, eneo alilojenga lilikuwaje wakati ule, nani alikuwa jirani. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita katika shule zetu, na wale wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wanaweza kufanya kazi hii vizuri wakielekezwa, na nina hakika walimu wa historia wangeifurahia, kwani ni vigumu kumfundisha kijana thamani ya chanzo cha kihistoria wakati vyanzo vyote anavyovijua vimetoka kwenye kitabu kimoja cha kiada.

Nasisitiza kwamba mpango usiwe wa Wakristo peke yao bila kukusudia. Ndugu zetu Waislamu wa Bondeni, Pasua na kwingineko huzika upesi, aghalabu siku ileile, bila ratiba iliyochapwa wala historia inayosomwa kaburini. Tukisubiri karatasi, nusu ya historia ya biashara ya mji huu itakosekana. Kwao ofisi ya mtaa ishirikiane na maimamu na wazee wa msikiti, na mazungumzo yafanyike katika siku za hitma au arobaini, kwa namna ambayo wao wenyewe wataona inafaa. Vilevile wapo wakazi wenye asili ya Bara Hindi ambao maduka yao tuliyajua kwa majina ya baba zao, na ambao watoto wao wengi wameshahama; mzee wa mwisho wa familia anapofariki, duka linafungwa na hakuna wa kuulizwa.

Suala la faragha nalipa uzito, na Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha sote kulipa uzito huo. Kila msiba una mambo yake. Kuna nyumba ya pili ambayo haikutajwa, kuna mtoto aliyejitokeza siku ya mazishi, kuna ugonjwa ambao familia haitaki uandikwe, kuna kiwanja chenye kesi. Hifadhi hii isiguse hata moja kati ya hayo. Pasipokuwa na saini ya msimamizi wa familia, kisipokelewe kitu. Sababu ya kifo isiandikwe, kwa kuwa tayari ipo mahali pake. Majina ya watoto wadogo walio hai yaachwe. Namba za vitambulisho, simu na akaunti zisionekane popote. Na familia ikibadili mawazo baada ya mwaka mmoja, irudishiwe karatasi yake bila kuulizwa maswali. Pia, naomba niseme wazi, hifadhi hii isitumiwe jukwaani wakati wa uchaguzi, kwa chama chochote.

Kuhusu mahali, ipo Maktaba ya Mkoa hapa mjini, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, yenye wasomaji na watumishi waliozoea kutunza karatasi. Makubaliano kati ya Manispaa na Bodi yangetosha kupata kona yenye kabati la kufungwa. Kuna watakaosema kazi hii waachiwe wanafamilia, makanisa na misikiti, na nakubali kwamba parokia na sharika zetu zina vitabu vya ubatizo na vya mazishi vilivyotunzwa vizuri kuliko mafaili ya ofisi nyingi. Lakini vitabu hivyo vimegawanyika kwa madhehebu, na mji haujagawanyika hivyo. Zaidi ya hapo, karatasi ikishapokelewa na ofisi ya umma, inaingia chini ya Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na hakuna mtumishi atakayeweza kuitupa kwa sababu tu amehamishiwa ofisi mpya na anataka kusafisha kabati. Mimi nikifa, karatasi zilizo katika sanduku langu hazina ulinzi huo.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Mafaili, kabati, mashine ya kunakili ambayo ofisi tayari zinayo, posho ndogo ya nauli kwa vijana watakaoandika. Mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi, watendaji na vijana walipita nyumba kwa nyumba katika kila mtaa, barabara zikapewa majina na milango ikapewa namba. Ikiwa tuliweza hilo kwa muda mfupi namna ile, hili ni jepesi. Wakati huo, mtakumbuka, mitaa mingi ilihangaika kutafuta majina ya kuzipa barabara, na majina mengine yalichaguliwa kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na jina lingine la kupendekeza. Tuna vituo vya daladala vinavyoitwa kwa fulani na kwa fulani, na kondakta anayeyaita majina hayo kutwa nzima hajui kama mwenye jina alikuwa mganga, mwenye bucha au mwenye mwembe.

Nina ombi dogo la nyongeza linaloihusu Manispaa yenyewe moja kwa moja. Kila mara kuna miili ambayo haipati ndugu wa kuichukua hospitalini, na halmashauri ndiyo huizika. Baadhi ya watu hao hawakuwa wageni. Waliishi hapa, walilala kwenye baraza za maduka yetu, walisukuma mikokoteni yetu, walituchotea maji ya kujengea, na tuliwaita kwa majina ya utani. Kabla ya kuzikwa, mtu mmoja apite pale alipokuwa akishinda marehemu, awaulize wauza kahawa, mama ntilie na waendesha bodaboda wanajua nini juu yake, na hayo machache yaandikwe na kuwekwa katika hifadhi ileile, kwa mpangilio uleule, bila kutengewa faili la pembeni.

Naomba basi Mheshimiwa Meya aridhie suala hili lipelekwe katika kamati ya kudumu inayoshughulikia elimu na huduma za jamii, na kamati ilete mapendekezo katika kikao cha kawaida cha Baraza cha robo mwaka ijayo. Naomba ianzwe na kata mbili kwa majaribio, moja ya zamani kama Njoro au Kiusa, na moja ambayo imejaa wahamiaji wa karibuni kama Msaranga, ili tuone ugumu ulipo kabla ya kueneza. Naomba Afisa Utamaduni wa Manispaa ateuliwe kuwa msimamizi, kwa maandishi, ili kazi isitegemee hisani ya mtu. Kwa upande wangu niko tayari kukabidhi, kwa idhini ya familia husika, nakala za historia nilizoshiriki kuziandika pamoja na maelezo ya pembeni yaliyoachwa kwa ajili ya muda, na kutoa mafunzo ya bure kwa vijana watakaochaguliwa, siku yoyote isipokuwa Jumamosi, ambayo kwa kawaida huwa niko msibani.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Kata ya Njoro,
Manispaa ya Moshi.

Nakala: Mkuu wa Wilaya ya Moshi, Mkutubi, Maktaba ya Mkoa wa Kilimanjaro, Wenyeviti wa Mitaa wote.